Mlima Wenye Mizinga na Mkwe Asiyesema

Niliondoka nyumbani kwetu karibu na Manyatta mwezi wa Julai, kwa sababu ya mzee mmoja wa Uswisi ambaye hakutaka kusema. Kijana wake, Lukas, alikuwa amekuja kumwomba binti yetu Mukami, ambaye anafanya kazi ya uuguzi huko kwao kwa miaka mingi sasa. Alikuja kwa adabu pamoja na rafiki zake wawili, akala mukimo wetu wa viazi na mahindi yaliyopondwa, akamsalimia kila mtu kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Lakini kaka yangu mkubwa, Ireri, ambaye ndiye anayeongoza mazungumzo ya ukoo wetu, hakutaka kujua kazi yake wala shamba lake. Alimwuliza jambo moja tu.

"Baba yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Yeye hasafiri."

"Amekutuma na neno gani?"

Lukas alimtazama Mukami, kisha akasema polepole, "Baba yangu haongei sana."

"Haongei? Ni bubu?"

"Hapana, si bubu."

"Kama si bubu, basi ametudharau," Ireri akasema, na mazungumzo yakafungwa kabla hayajafunguliwa.

Kwetu kijana hajiombei mke. Baba yake ndiye husema, au ndugu wa baba, ili siku nyumba ikiingia shida kuwe na mtu mzima wa kuitwa. Lukas hakuwa na ami. Mukami alirudi kazini akiwa amekasirika, na wiki mbili baadaye alitupigia simu. "Baba, mkikataa tutaandikishwa ofisini, sisi wawili tu na karani. Sitaki iwe hivyo. Lakini nina miaka thelathini na minane, na nimechoka kungoja wazee wawili, mmoja hataki kusema na mwingine hataki kusamehe."

Mama yake, Wawira, hakupata usingizi. Tuliomba pamoja kila asubuhi kabla ya kukama, na asubuhi moja aliinuka kutoka magotini akasema, "Nenda wewe. Kama hawezi kuja kusema, nenda umpe nafasi ya kusema akiwa kwake." Magoti yake mwenyewe yasingeweza safari hiyo. Yangu pia si mazuri, lakini yanajikaza.

Kabla ya kwenda mbali nilipitia Meru hadi Laare, kumuaga dada yangu Igoki. Aliolewa Nyambene zamani, na tangu hapo amejua miraa kama sisi tunavyojua kahawa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda akiangalia vijana wakifunga miraa kwa majani ya ndizi, pikipiki zikingoja nje zikinguruma.

"Mimi niliombwa kwa fungu la miraa," akaniambia. "Walilileta kwa baba limefungwa vizuri hata likapendeza kuliko mimi. Wewe huyo Mzungu atakuletea nini? Jibini?"

"Aniletee neno tu, nitashukuru."

"Sawa. Lakini sikia, Nyaga. Usile kwake kabla hajasema. Ukila chakula cha mtu ambaye hajaomba, umempa msichana bure na midomo yako ina mafuta."

Hivyo ndivyo tulivyolelewa na marehemu baba yetu, nami nikaona ni sawa. Nililiweka neno hilo moyoni pamoja na pasipoti.

Siku ya Jumanne alfajiri nilifika Uswisi baada ya kukaa hewani usiku kucha, jambo ambalo nilimshukuru Mungu zaidi lilipokwisha. Mukami alinipokea akanikumbatia mbele ya watu. Tulipanda garimoshi, na kwa saa mbili nilikuwa nimebandika uso kwenye kioo kama mtoto. Milima ya Alpi haisimami mmoja peke yake kama wa kwetu. Imepangana, mmoja nyuma ya mwingine, na chini yake mabonde ya kijani yaliyokatwa nyasi vizuri hata nikauliza kama kuna mtu anayeyachana. Niliacha baridi na ukungu wa Julai nyumbani, nikakuta jua kali na watu wamevaa kaptura.

Jumatano mchana tulikwenda kwa baba yake Lukas. Jina lake ni Alois. Ni mjane, umri wake unapita wangu kidogo, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyefanya kazi. Alinipa mkono, akautikisa mara moja, akasema, "Karibu," neno ambalo bila shaka alifundishwa na Mukami. Halafu hakusema tena.

Kwa kuwa nilikwenda kuona boma, niliangalia boma. Nyumba ni ya mbao nyeusi, na madirishani kuna maua mekundu. Kuni zilikuwa zimepangwa ukutani kwa urefu mmoja, mpaka chini ya paa, na niliwaza jinsi Wawira angezitamani. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa malishoni juu mlimani, ila mmoja aliyeumia mguu, naye alikuwa amefungwa bandeji safi. Mbwa alikuwa mzee na mnene. Niliridhika. Mtu anayemtunza mbwa mzee na ng'ombe kiwete atamtunza na mtoto wa mtu.

Kisha akaweka meza: mkate, jibini, nyama iliyokaushwa na kukatwa nyembamba kama karatasi, na birika la kahawa. Alinionyesha kiti.

"Asante," nikasema. "Nimeshiba."

Nilikuwa na njaa, Mungu anisamehe. Mzee Alois aliitazama sahani, akaifunika kwa kitambaa, tukakaa tukisikiliza saa ya ukutani.

Alhamisi ikawa vilevile. Ijumaa akaongeza keki ya matunda, nami nikasema nimeshiba. Aliifunika, akatoka nje kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Kila jioni nilikuwa nikirudi kwa Mukami mjini na kula kama mtu aliyetoka shambani.

Ijumaa hiyo jioni Mukami aliweka kijiko chini akanitazama. "Baba, una shida na tumbo?"

"Hapana, mama."

"Basi mbona kwangu unakula sahani mbili na kwa Mzee Alois unakataa hata kahawa? Leo amemwuliza Lukas kama nyama yake inanuka. Hiyo ndiyo sentensi ndefu zaidi aliyoitoa wiki hii."

Nilimweleza yale niliyoagizwa na shangazi yake huko Laare, na kwamba baba yangu angefanya hivyohivyo. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa shati la kazini.

"Yeye anafikiri umemdharau, Baba. Na nyinyi mnafikiri amewadharau. Mimi niko katikati kama nani?"

Alichukua simu akaenda chumba kingine kumpigia Lukas. Walizungumza kwa Kijerumani muda mrefu. Aliporudi alisema tu, "Lukas atamweleza. Kesho Mzee anataka kukupeleka mahali. Vaa sweta."

Jumamosi asubuhi tuliondoka wanne kwa gari la Lukas, Mzee Alois ameketi mbele na rundo la funguo mapajani. Barabara ilipanda ikizunguka, ikaacha miti, ikaingia kwenye mawe na nyasi fupi. Tukasimama mbele ya zizi la mbao lililoegemea mwamba. Lilikuwa na dirisha dogo lenye pazia la miraba myekundu. Nilikaribia kutazama ndani, kwa sababu mkulima hapiti zizi la mtu bila kuchungulia, na pua yangu ikakaribia kugonga saruji. Dirisha lilikuwa limechorwa. Pazia limechorwa. Hata mbao zilikuwa rangi tu juu ya ukuta mnene.

"Ng'ombe wa zizi hili hawanuki," nikamwambia Mukami kwa sauti ya kawaida. Lukas alimtafsiria baba yake, na kwa mara ya kwanza Mzee Alois akacheka. Alikuwa na pengo moja upande wa kushoto.

Alifungua mlango, nyuma yake ukawa mwingine wa chuma mzito kama wa benki, na tukaingia ndani ya mlima.

Nawaambieni mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Ndani ya mwamba ule kuna njia ndefu iliyochimbwa, yenye reli ndogo sakafuni na taa zilizofuatana mpaka zinaonekana kama shanga. Hewa ni ya baridi na ina unyevu, sawasawa na asubuhi ya Julai Manyatta, nikajiona niko nyumbani. Kuna vyumba vya kulala vyenye vitanda vya mbao vilivyopangwa juu kwa juu. Kuna jiko lenye sufuria ambazo mwanamume mzima angeweza kuogea. Kuna chumba cha kuchoma mikate, na hospitali ndogo yenye meza ya kupasulia watu. Watu mamia wangeweza kuishi humo miezi mingi bila kuona jua. Ngome hiyo ilichimbwa wakati wa vita vikuu vya pili vya dunia, nchi zote za jirani zilipokuwa zinaungua, ili adui akijaribu kupita kwenye lile bonde mlima wenyewe umpige.

Mwisho wa njia tulifika kwenye mizinga ya vita. Mtutu wa kila mmoja unatokeza nje kupitia tundu kwenye mwamba, na zamani kwa nje tundu hilo lilifunikwa kwa jiwe la kughushi. Nilitazama hapo nikaona bonde lote: kanisa, mto, garimoshi dogo kama kiwavi.

Mbele ya mzinga Mzee Alois akabadilika. Aliupapasa kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake, akaanza kueleza, Lukas akitafsiri mbiombio. Huku ndiko kombora huingia. Gurudumu hili hupandisha, lile huzungusha. Wale wanaopiga hawaoni wanachokipiga. Anayeona yuko juu, kwenye kilele, katika chumba cha upana wa kabati, naye hutuma maneno chini kwa simu.

"Je, uliwahi kumpiga mtu?" nikauliza. Sikuweza kutouliza.

"Hapana," akajibu. Vita vilipita bila adui kuingia bonde lile, na yeye alizaliwa vikiwa vimekwisha. Alikuwa mlinzi wa ngome kwa miaka yote ya nguvu zake: kupaka mafuta, kukausha unyevu, kuhakikisha kila kitu kiko tayari kwa siku ambayo haikuja. Nilivua kofia nikamshukuru Mungu kimyakimya kwa siku hiyo ambayo haikuja.

Kisha Lukas akaongeza jambo ambalo baba yake hakulisema. "Walikula kiapo. Ngome ilikuwa siri. Hakuruhusiwa kumwambia mtu anafanya kazi wapi, hata mkewe. Sisi tulijua anafagia theluji barabarani. Jeshi lilipoifunga ngome, likaondoa siri na kumwachia Baba funguo, Mama alikuwa ameshakufa. Alikaa kule chini, hapo karibu na kanisa, na alikufa bila kujua mlango uko wapi."

Mzee Alois alikuwa anafuta mzinga kwa kitambaa, mahali palipokuwa safi tayari.

Nilizaliwa siku za hali ya hatari, vita vya kumtoa mkoloni, wakati nchi yetu ilipokuwa na ngome zake na mahandaki yake kando ya msitu. Lakini habari hizo nilizisikia kwa watu wengine na shuleni. Nyumbani kwetu hazikuzungumzwa. Nikiwa nimesimama mle ndani nilianza kuelewa kwamba mtu akifunga mdomo miaka thelathini kwa ajili ya kazi, hauwezi kufunguka kwa sababu tu mkataba umekwisha.

Mzee alimwambia mwanawe neno, na wote wawili wakapanda ngazi ya chuma iliyosimama wima ukutani. Magoti yangu yalikataa hata kuitazama. Nikabaki na Mukami katika chumba kidogo cha saruji chenye benchi, ramani, na simu nyeusi ya zamani yenye mkono wa kuzungusha.

Baada ya muda simu ikalia.

"Shika, Baba," Mukami akasema. "Ni yako."

Sauti ilikuja kwa mbali, lakini wazi, kwa Kiingereza cha kuokoteza kama changu. "Hapa ni juu. Nani yuko chini?"

"Ni mimi. Baba Mukami."

"Sheria ya simu hii: nikisema neno, wewe unalirudia. Usiporudia, halijafika."

"Nisiporudia, halijafika."

"Vizuri. Mimi ni Alois, baba wa Lukas."

"Wewe ni Alois, baba wa Lukas."

"Ana kwa ana, siwezi kusema. Hapa nimezoea."

"Ana kwa ana huwezi. Hapo umezoea."

Nikasikia pumzi yake. Kisha akasema, kila neno peke yake, kama mtu anayeweka mawe ya msingi, "Ninaomba binti yako Mukami awe mke wa mwanangu."

Nililirudia neno hilo lote, na sauti yangu ikazunguka kwenye kuta za mwamba, nikaona Mukami ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Samahani kwa kuchelewa," akasema.

"Samahani kwa kuchelewa," nikarudia, na nilipolirudia nikajua kwamba na mimi nalisema kwa niaba yetu.

"Sasa jibu."

Hata hivyo baba hajibu kabla ya kumwuliza mwenye kuombwa. Niliziba simu kwa kiganja nikamgeukia. "Mukami, umesikia?"

"Nimesikia."

"Niseme nini?"

"Sema ndiyo, Baba! Sema kabla hajakata!"

"Ndiyo," nikasema kwenye simu.

"Ndiyo," sauti ikarudia kutoka juu ya mlima, na simu ikakatwa.

Waliposhuka, Lukas alikuwa na macho mekundu, na Mzee Alois alikuwa amerudia kimya chake. Hakunitazama. Alifungua mkoba, akatandika kitambaa juu ya benchi, akatoa mkate, jibini, ile nyama iliyokaushwa, na chupa ya kahawa. Aliketi, akaweka mikono magotini, akangoja.

Nilibariki chakula kwa Kiembu, maana nilitaka Mungu anisikie kwa lugha ninayomjua kwayo. Kisha nikala. Nilikula kipande cha nyama, nikala cha pili, nikakata jibini nene.

"Mwambie hainuki," nikamwambia Lukas.

Mzee aliposikia tafsiri alipiga goti lake kwa kofi, na kicheko chake kikaenda mbali ndani ya njia ile ya reli.

Jumapili tulisali pamoja katika lile kanisa la bondeni. Sikuelewa mahubiri, lakini nilielewa sakramenti. Baadaye Mzee Alois alinipeleka nyuma kwenye makaburi, akanionyesha la mkewe, na tukasimama hapo bila kusema kwa muda mrefu. Kimya chake hakikunisumbua tena.

Jumanne iliyofuata niliruka kurudi, na Alhamisi nilikuwa Manyatta nikinywa uji wa Wawira. Nilimweleza yote mara mbili, akataka mara ya tatu.

Jumamosi ukoo ulikutana kwangu. Nilisimama nikaeleza safari kama nilivyowaeleza ninyi. Nilipofika kwenye simu, Ireri aligonga fimbo yake chini.

"Ngoja. Amekuomba msichana kwa simu?"

"Kwa simu."

"Na mlikuwa nyumba moja?"

"Mlima mmoja."

Watu wakacheka. Binamu mmoja akasema kwamba siku hizi hata mahari italetwa na pikipiki ya mizigo. Ireri hakucheka. "Nyaga, mtu anayeogopa uso wako leo, kesho utamwita kwa shida ya mtoto wetu, na atakuja?"

Niliwaambia tu yale ya kiapo, ya kazi ya theluji ambayo haikuwepo, na ya mke aliyekufa akiangalia mlima kila siku bila kujua mlango uko wapi.

Ireri aliilaza fimbo yake magotini. Ana miaka themanini na zaidi.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," akasema hatimaye, na wote tukainama kumsikia. "Siku zile za hali ya hatari nilikuwa nikiwapelekea wapiganaji chakula msituni. Nilikula kiapo kama wakubwa. Askari wa mkoloni walikuja nyumbani wakamwuliza Mama nani anapeleka, wakampiga, naye hakuwa na la kuwaambia kwa sababu sikuwa nimemwambia. Mpaka anakufa sikumwambia."

Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja. Nimekaa naye kanisani benchi moja miaka hamsini. Sikuwa nimelisikia neno hilo.

Wawira alimletea maji. Aliyanywa yote, akarudisha kikombe.

"Huyo mzee ameomba," akasema. "Andikeni siku. Na atoe mbuzi mmoja wa faini, kwa sababu ya simu."

Namshukuru Mungu kwa safari hiyo. Nilikwenda mbali kumfungua mdomo mzee wa watu, na nilichojifunza ni kwamba nilikuwa sijawahi kumwuliza kaka yangu habari zake. Tangu Jumamosi ile, jioni nyingi huchukua kigoda changu nikaenda kuketi kwake. Siku nyingine husema, siku nyingine hasemi, nami hungoja.